Siku ya Pili, Limbani

Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu,
makarani thelathini tusioujua bado ukarani,
na Asaa, ambaye wiki hii anaitwa mkufunzi
na Jumatatu atarudi kuwa mwalimu wa hesabu,
ameandika ubaoni kwa chaki ya buluu:
KARANI HASEMI HAPANA.
Chini yake, kwa herufi ndogo,
kama mtu aliyegundua kuwa ameahidi mno:
isipokuwa kanuni imesema.

Nje, uwanjani kwa jirani, karafuu zimeanikwa majamvini.
Harufu yake inaingia bila kitambulisho.

Jana tulisoma majina.
Majina matatu, yafuate cheti.
Faki Kombo Faki si Faki Faki Kombo.
Makame Chuma aandikwe hivyo kama Chuma ni babu yake,
asiandikwe kama ni lakabu ya mpirani.
Nikauliza: na yule ambaye mtaa mzima
wanamjua kwa lakabu tu, hata mkewe?
Asaa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.
"Huyo," akasema, "mpe kiti kwanza."

Leo ni vidole.
Mashine ni ndogo kuliko kopo la maziwa,
ina kioo cha kijani na adabu zake:
haikatai mtu, inawaka nyekundu tu.
Vyangu ilivisoma. Vya Shaibu ilivisoma.
Vya Hidaya, mwenye hina ya juzi, ilivisoma mara ya pili.
Asaa akamwita Bi Mgeni,
aliyekuwa kasimama mlangoni na birika la chai:
"Njoo mama, utusaidie mazoezi."

Akafuta mikono kwenye kanga.
Gumba. Nyekundu.
Cha shahada. Nyekundu.
Vyote kumi, kimoja kimoja, kama anayehesabu wanawe,
na kioo kikamkana kila mmoja.
Miaka ishirini ya kufunga mwani kambani,
chumvi na tai-tai,
na kila msimu kuchambua karafuu hadi usiku,
vimeila mistari aliyoandikiwa peke yake.
"Basi mie sipo," akasema, akacheka,
nasi tukacheka, kisha tukaacha,
si kwa pamoja.

"Ukurasa wa arobaini na moja."
Tukafunua mwongozo, karatasi zikavuma
kama vuli inayoanza juu ya mabati.
Kifungu kipo, kifupi:
safisha kioo, safisha kidole, jaribu mara tatu,
jaza fomu, piga picha, endelea.
Neno "endelea" nimelipigia mstari.
Aliyeliandika sijui alikaa ofisi gani,
ila Bi Mgeni alimjua.

Umeme ukakatika. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama.
Nikamwandika kwa kalamu.
Jina: Mgeni Bakar Shoka.
Pa kuzaliwa: "Hapo nyuma ya kisima, kabla hawajakifukia."
Nikaandika Limbani.
Tarehe: "Mwaka wa ile mvua iliyoondoka na daraja."
Nikainua kichwa kumtazama Asaa.
Asaa alikuwa anatazama dirishani.

Jioni, kanuni: fomu za mazoezi zihesabiwe, zichanwe.
Zimetoka thelathini na moja, zirudi thelathini na moja.
Yake alikuwa nayo mkononi, kaishika kichwa chini,
akiitazama kama barua ya mtu anayemjua.
Nikaichana mbele ya macho yake, vipande vinne,
na kila kipande kilikuwa na sauti yake.
"Hivyo hivyo," akasema. "Na siku yenyewe, mwanangu,
usinihurumie. Nione tu."

Kisha posho.
Mpishi naye yumo, wa mwisho, chini kabisa ya orodha.
Mhasibu akamsogezea kidau cha wino bila kuinua uso:
"Gumba hapo."
Akabonyeza. Doa la zambarau,
halina mstari hata mmoja, laini kama kunde.
Mhasibu akalipokea, akafunga daftari.
Hakuna kilichowaka nyekundu.